Ruta ya Pili Nyumbani: Kwa Nini Mawimbi ya Wi-Fi Hayafiki Chumba cha Nyuma

Katika nyumba nyingi za mijini siku hizi waya wa intaneti huingia kwa upande wa mbele, na ruta, yaani kile kisanduku kidogo chenye taa zinazometameta, huwekwa sebuleni, aghalabu nyuma ya televisheni. Chumba cha mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kipo nyuma, karibu na jiko. Huko simu huonyesha kistari kimoja tu cha nguvu, na somo la video hukwama kila baada ya dakika chache. Wazazi hununua chombo cha pili cha kueneza mawimbi na kukiweka juu ya meza ya mwanafunzi huyo. Siku hiyohiyo simu huonyesha vistari vyote vinne. Somo, hata hivyo, huendelea kukwama kama jana.

Fedha zimetumika, chombo si kibovu, na muuzaji pengine hakudanganya. Kilichokosekana ni ufahamu wa mambo mawili: mwenendo wa mawimbi ya redio yanapokutana na kuta, na mwenendo wa vyombo vingi vinapolazimika kuzungumza kwa zamu katika anga moja. Yote mawili yamo ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa sekondari aliyekwisha kusoma mawimbi na vipeo vya kumi.

Kazi tatu katika kisanduku kimoja

Jina la ruta huficha ukweli kwamba ndani ya kisanduku hicho kuna watumishi watatu. Wa kwanza ni mwelekezaji, ambaye hukaa mpakani mwa mtandao wa nyumbani na ulimwengu wa nje, akipitisha vifurushi vya taarifa huku na huku. Wa pili ni mgawaji wa anwani. Kila simu au kompyuta inapojiunga, yeye huipatia namba, kwa mfano 192.168.1.23, ili majibu yake yasipotee njiani. Namba za aina hii zilitengwa rasmi mwaka 1996 kwa matumizi ya ndani tu, na kwa hiyo maelfu ya nyumba zinaweza kuwa na namba zilezile bila kugongana, kama vile kila mtaa unavyoweza kuwa na nyumba namba 5. Wa tatu ni kituo cha redio chenye antena.

Anayetaka kufikisha mawimbi chumba cha nyuma anamhitaji huyu wa tatu peke yake. Nyumba inahitaji mwelekezaji mmoja, mgawaji mmoja wa anwani, na vituo vya redio vingi kadiri kuta zinavyodai. Matatizo mengi ya ruta ya pili hutokana na kuajiri watumishi wote watatu kwa mara ya pili bila kujua.

Safari ya wimbi

Wi-Fi hutumia mawimbi ya redio, ndugu wa mwanga, yanayosafiri kwa mwendo wa mita 300,000,000 kwa sekunde. Kundi lililozoeleka zaidi hutetema mara 2,400,000,000 kwa sekunde, yaani gigahezi 2.4. Mwendo ukigawanywa kwa idadi ya mitetemo hupatikana urefu wa wimbi, nao ni sentimita 12.5, karibu upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Kundi la pili, la gigahezi 5, lina mawimbi ya sentimita 6 hivi. Ruta za karibuni zaidi huongeza kundi la tatu la gigahezi 6, katika nchi ambazo kundi hilo limeruhusiwa.

Nguvu ya kituo cha nyumbani ni ndogo. Katika Ulaya, kwa mfano, kikomo cha kundi la gigahezi 2.4 ni miliwati 100. Nguvu hiyo hutawanyika pande zote kama uso wa puto linalopulizwa, na kwa kuwa eneo la uso wa tufe huongezeka kwa mraba wa nusukipenyo, umbali ukizidi maradufu nguvu inayopokewa hubaki robo. Hesabu huonyesha kwamba katika uwanja ulio wazi, kwa umbali wa mita 10, antena ya kawaida hunasa karibu sehemu moja tu kwa milioni ya nguvu iliyorushwa. Katika gigahezi 5, kwa umbali uleule, hunaswa chini ya robo ya kiasi hicho. Wengi hudhani kwamba hewa ndiyo inayomeza mawimbi mafupi. La hasha, antena ya wimbi fupi ni fupi pia, na hivyo ina eneo dogo la kunasia.

Kwa bahati njema masikio ya vyombo hivi ni makali ajabu. Simu nyingi huweza kusikia, japo kwa shida, nguvu ya pikowati moja, yaani wati 1 iliyogawanywa mara milioni moja ya milioni. Kwa hiyo umbali peke yake si adui mkubwa ndani ya nyumba. Adui ni kuta.

Ukuta wa matofali ya saruji, kutegemea unene wake na unyevu uliomo, unaweza kupitisha robo ya nguvu au hata sehemu moja tu kwa kumi. Hasara hizi hazijumlishwi, bali huzidishwa. Kuta tatu zinazopitisha sehemu moja kwa kumi kila mmoja hubakiza moja kwa elfu. Zidisha na ile moja kwa milioni ya umbali, na chumba cha nyuma hupata sehemu moja kwa milioni elfu. Zege lenye nondo ni baya zaidi, na ndiyo sababu ghorofa ya juu huweza kukosa mawimbi ilhali ruta iko mita tatu tu chini yake.

Hakuna mfano bora wa tatizo hili kuliko nyumba za kale za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye unene wa nusu mita hivi. Upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, na kwa hiyo haukuzidi sana mita 3. Wimbi linalotoka dakani kwenda ndani hukutana na ukuta mnene kila baada ya hatua chache. Mafundi waliozijenga walikuwa na sababu njema, kwani kuta hizo huhifadhi ubaridi na faragha. Lakini kinachozuia joto na sauti vizuri namna hiyo huzuia pia mawimbi ya sentimita 12. Katika nyumba kama hizo kituo cha redio hufaa kuelekea kiwanda kilicho wazi katikati, ambako mawimbi huweza kuingia vyumbani kwa kupitia milangoni.

Metali haipitishi mawimbi, huyarudisha. Paa la mabati, friji, na tangi la chuma vyote huacha kivuli nyuma yake. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni wavu wa madirishani wa kuzuia mbu. Kwa jicho la mtu wavu huo una matundu mengi, lakini wimbi la sentimita 12.5 haliwezi kupenya tundu la milimita moja au mbili, na kwake wavu wa chuma au alumini hufanana sana na bati. Anayetaka mawimbi yafike kibandani uani, huku madirisha yake yote yana wavu wa chuma, anapigana na ukuta asiouona. Wavu wa plastiki na chandarua cha kitandani havina neno.

Maji nayo humeza mawimbi, na mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa; darasa lililojaa wanafunzi hupokea vibaya kuliko darasa tupu. Hapa inafaa kusahihisha kauli inayorudiwa mara nyingi kwamba gigahezi 2.4 ilichaguliwa kwa sababu ndiyo inayopatana na molekuli ya maji. Sivyo. Maji humeza kwa nguvu zaidi karibu na gigahezi 20. Kundi la 2.4 lilikuwa limetengwa kwa matumizi ya viwanda, sayansi na tiba, na mwaka 1985 Marekani iliruhusu vyombo vya mawasiliano kulitumia bila leseni. Majiko ya mawimbi mafupi yalikuwemo humo tayari, na hadi leo jiko hilo likiwashwa jirani na ruta, mazungumzo huharibika.

Zamu ya kusema

Sasa yafaa kueleza kwa nini vistari vinne havikumsaidia mwanafunzi.

Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya uongozi wa Norman Abramson, kilianza kuendesha mtandao wa redio wa kuunganisha kompyuta visiwani humo, ukiitwa ALOHAnet. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: mwenye neno aseme. Wawili wakisema pamoja, maneno yakaharibika, kila mmoja angoje kwa muda wa kubahatisha kisha arudie. Hesabu zilionyesha udhaifu wa kanuni hiyo, kwamba kwa hali bora kabisa ni asilimia 18 tu ya uwezo wa chaneli ingetumika. Iliyobaki ingepotea katika ukimya na migongano. Dawa iliyofuata ni ile ambayo kila mtoto aliyelelewa vema hufundishwa: sikiliza kwanza, kisha useme. Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi, kilichotolewa mwaka 1997, kilijengwa juu ya msingi huo, na msingi huo ungalipo.

Maana yake ni kwamba katika chaneli moja anasema mmoja tu kwa wakati mmoja. Simu ikiwa mbali na kituo, husema polepole ili ieleweke, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto kwa kutamka silabi mojamoja. Kifurushi cha biti 12,000 kikitumwa kwa mwendo wa biti milioni 54 kwa sekunde huchukua sehemu ndogo ya milisekunde moja, kama 0.22. Kwa mwendo wa biti milioni 1 kwa sekunde huchukua milisekunde 12, na muda wote huo wengine wote wamenyamaza. Katika shule yenye kituo kimoja, mwanafunzi aliye pembe ya mbali huwachelewesha hata waliokaa chini ya antena. Kwa sababu hiyo kituo cha pili kilichowekwa vizuri huwafaa pia wale ambao hawakuwa na tatizo lolote la vistari.

Chombo kinachouzwa kwa jina la kirudishi cha Wi-Fi hufanya kazi ya mkalimani barazani. Mzungumzaji husema sentensi, mkalimani huirudia, na hotuba ya saa moja huchukua saa mbili. Kirudishi chenye redio moja husikia kila kifurushi kutoka ruta ya kwanza, kisha hukirusha upya katika chaneli ileile. Hivyo uwezo hupungua kwa nusu hata mambo yote yakiwa mazuri. Na kama mkalimani amekaa mahali ambapo yeye mwenyewe hamsikii mzungumzaji, kukaa kwake karibu na wasikilizaji hakuna faida. Hilo ndilo lililompata mwanafunzi wa mfano wetu. Vistari vinne viliipima hatua ya mwisho tu, kutoka mezani hadi mkononi. Hatua ya kwanza, kutoka sebuleni hadi mezani, ilibaki dhaifu kama ilivyokuwa.

Kirudishi kikilazimika kutumiwa, basi kiwekwe katikati ya njia, ukumbini kwa mfano, ambapo ruta ya kwanza bado inasikika vizuri. Vipo vyombo vyenye redio mbili au tatu, ambavyo hutenga redio moja kwa mazungumzo baina yao wenyewe na hivyo kupunguza hasara ya mkalimani. Ni vizuri, lakini bei yake ni kubwa. Vipo pia vinavyopitisha taarifa katika nyaya za umeme za nyumba; mafanikio yake hutegemea hali ya nyaya hizo, na ni busara kumwomba muuzaji ruhusa ya kuvirudisha.

Njia ya waya

Njia iliyo bora kuliko zote ni ya kizamani, yaani waya. Kebo ya mtandao yenye nyaya nane zilizosokotwa mbilimbili hufikisha biti milioni 1,000 kwa sekunde hadi mita 100, haijali kuta, na haichukui zamu ya mtu angani. Ruta ya pili inaweza kuwa ile ya zamani iliyotupwa kabatini, mradi inajua ulinzi wa WPA2 au ulioufuata. Ile inayojua WEP tu isitumike, kwa maana udhaifu wa ulinzi huo ulithibitishwa tangu mwaka 2001. Wakati wa kununua kebo inafaa kutazama ncha ya waya: shaba tupu huwa nyekundu hadi ndani, ilhali alumini iliyopakwa shaba huwa nyeupe ikikwaruzwa, nayo ina ukinzani mkubwa zaidi na hukatika upesi.

Kabla ya kuunganisha, ruta ya pili inapaswa kuvuliwa zile kazi mbili zisizotakiwa. Hiyo ndiyo sehemu inayowashinda wengi, na kwa hiyo inastahili maelezo marefu kidogo.

Ruta nyingi hutoka kiwandani zikijiita 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Mbili zenye anwani moja katika mtandao mmoja ni kama nyumba mbili zenye namba moja katika mtaa mmoja. Barua huenda popote. Kompyuta huunganishwa na ruta ya pili peke yake, na anwani yake hubadilishwa. Kama ya kwanza ni 192.168.1.1, ya pili inaweza kuwa 192.168.1.2, alimradi namba hiyo haimo miongoni mwa zile zinazogawiwa kwa simu.

Kisha mgawaji wa anwani, anayetajwa katika ukurasa wa mipangilio kwa herufi DHCP, huzimwa katika ruta ya pili. Asipozimwa, hali huwa kama ya makarani wawili wa zahanati moja wanaogawa namba za foleni kila mmoja kwa daftari lake. Wagonjwa wawili hushika namba 23, na wengine huelekezwa mlango usio na daktari. Dalili yake majumbani ni ugonjwa wa kuja na kuondoka: asubuhi intaneti ipo, jioni haipo, simu moja inapata na nyingine haipati. Mengi yanayolaumiwa kuwa ni ubovu wa kampuni ya intaneti ni makarani hawa wawili.

Hatimaye kebo huchomekwa katika tundu la LAN la ruta ya kwanza na tundu la LAN la ya pili. Ikichomekwa katika tundu la WAN la ruta ya pili, mwelekezaji wake huamka na kujenga mpaka mpya ndani ya nyumba. Intaneti itapatikana, lakini kompyuta ya chumba cha nyuma haitaiona mashine ya kuchapia iliyoko sebuleni, kwa kuwa sasa ziko pande mbili za mpaka. Ruta nyingine zina mpangilio maalumu wa kuwa kituo cha redio tu, ambao hufanya yote haya kwa hatua moja.

Jina la mtandao na neno la siri viwe sawa katika vituo vyote viwili ili simu ihame yenyewe. Chaneli, kinyume chake, ziwe tofauti. Katika kundi la gigahezi 2.4 namba za chaneli hupishana kwa megahezi 5 tu, lakini mazungumzo yenyewe huhitaji upana wa megahezi 20 au zaidi kidogo. Chaneli 1 na 3, kwa mfano, hupandana. Zinazokaa pamoja bila kusumbuana ni 1, 6 na 11, na kituo cha pili kichague mojawapo ambayo wa kwanza wala jirani mwenye nguvu haitumii. Neno la siri la msimamizi lililowekwa kiwandani lazima libadilishwe, kwani orodha za maneno hayo zinajulikana duniani kote.

Kwa shule ipo tahadhari moja zaidi. Kebo ya shaba isipitishwe nje kutoka jengo moja hadi jingine pasipo kinga ya radi. Maeneo yanayolizunguka Ziwa Victoria ni miongoni mwa yale yanayopigwa radi mara nyingi duniani, na radi ikipiga jirani huweza kusukuma umeme katika kebo na kuunguza vyombo vya ncha zote mbili. Uzi wa kioo haupitishi umeme, na kwa kazi hiyo ndio unaofaa.

Ikumbukwe pia kwamba ruta ya pili haiongezi hata biti moja katika mkataba na kampuni ya intaneti. Ikiwa hata simu iliyo kando ya ruta ya kwanza nayo hukwama, kununua chombo kingine ni kuongeza mabomba katika nyumba ambayo mita ya maji imefungwa nusu.

Jaribio la darasa

Programu za bure za simu huonyesha nguvu inayopokewa kwa desibeli, kwa kulinganisha na miliwati moja. Namba huwa hasi. Kila ikishuka kwa 10, nguvu imebaki sehemu moja kwa kumi. Hivyo -50 ni nzuri sana, -70 inatosha kwa kazi nyingi, na kwenye -90 mazungumzo yako ukingoni.

Wanafunzi wagawanyike wawiliwawili na wachore ramani ya shule. Wapime katika uwanja ulio wazi kwa umbali wa mita 2, 4, 8 na 16, wakipima mara kadhaa kila mahali na kuchukua wastani, kwa sababu mawimbi yaliyorudishwa na kuta hukutana na yale ya moja kwa moja, na hatua ya sentimita chache hubadili jibu. Kila umbali unapozidi maradufu nguvu inapaswa kushuka kwa desibeli 6. Kisha wapime pande mbili za ukuta uleule, huku mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa, na mbele ya dirisha lenye wavu wa chuma. Mwishowe simu iwekwe ndani ya sufuria ya alumini na kufunikwa, huku programu ikiandika vipimo vyenyewe. Darasa litaona nguvu ikishuka sana, mara nyingi bila kufika sifuri, na hapo mwalimu awape kazi ya kutafuta mawimbi yamepita wapi: pengo kati ya mfuniko na ukingo wa sufuria lina upana gani, na lina urefu gani likifuatwa mzunguko mzima?